Kutoka Gati la Bukoba hadi Pumwani

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikutwa mkoani Kagera. Kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Katika kipindi hicho kifupi mwanamke wa Kihaya, mwenyeji wa mkoa huo, alibandikwa jina ambalo halijabanduka. Nimelisikia kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi, na kwa watu waliosoma wakasomeka: kwamba ugonjwa uliletwa na wanawake wa Bukoba waliopenda fedha kuliko heshima yao.

Tuhuma hiyo ina umri mkubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Katika miaka ya 1930, nusu karne kabla ya UKIMWI kujulikana popote, machifu na wasomi wa Bukoba walikuwa wakiiomba serikali ya kikoloni iwazuie wanawake kupanda meli bila waume. Na ni kweli wanawake walikuwa wakiondoka. Walivuka Ziwa Viktoria hadi Kisumu, wakapanda treni hadi Nairobi, wakapanga vyumba katika mtaa wa Pumwani. Nimeifuata njia hiyo kwa basi, kwa miguu na kwa makaratasi, kwa sababu anayetaka kujua kwa nini virusi viliwapata watu fulani kabla ya wengine hana budi kujua kwanza njia hiyo ilichongwa na nani.

Inaanzia shambani. Ukitoka Bukoba mjini kuelekea Kanyigo, nyumba utazikuta katikati ya migomba, kahawa ikiwa kivulini chini yake na maharage chini ya kahawa. Hicho ndicho kibanja. Ukitembea kidogo kinakatika ghafla, unajikuta kwenye rweya, nyika ya nyasi ambayo udongo wake hautoi kitu cha maana mpaka ulishwe. Kibanja kimelishwa samadi na majani kwa vizazi na vizazi, na kwa hiyo kukirithi ni kurithi jasho la babu na bibi. Wenye nacho huzikwa humo humo. Nyuma ya nyumba moja niliona makaburi yamejipanga kwa umri: ya zamani ni matuta yaliyozungushiwa mawe na kufunikwa na majani ya migomba, ya karibuni yamesakafiwa kwa saruji, na jina limechorwa kwa kijiti kabla saruji haijakauka. Miaka ya kufa kwenye yale ya saruji ilikaribiana mno: themanini na sita, themanini na nane, tisini na moja. Waliolala humo walikuwa wa rika moja.

Katika utaratibu wa ukoo, mwanamke alikuwa mpitaji kwenye ardhi hiyo. Kwa baba yake alikaa akisubiri kuolewa. Kwa mume alilima kibanja cha ukoo wa mume, na mume akifa ukoo uliamua nani anabaki na nani anaondoka. Binti aliweza kula mazao ya shamba la ukoo, lakini hakuruhusiwa kuliuza. Juu ya hayo kulikuwa na nyarubanja: Mkama, yaani mtawala wa jadi, aliwagawia jamaa zake na watumishi wake ardhi pamoja na wakulima waliokuwa juu yake, na wakulima hao wakawa watwana wa bwana asiyeshika jembe. Mfumo huo uliondolewa na sheria baada ya uhuru. Kanuni ya mirathi ya wanawake ilibaki.

Kahawa ya Bukoba ni ya kale. Ilichemshwa, ikakaushwa na kutafunwa, na mgeni alikaribishwa kwa punje zake kabla mkoloni hajafika. Katika miaka ya 1920, chini ya Waingereza, ikageuka kuwa fedha, na mahari ikapanda pamoja na bei ya kahawa. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Bei ikaanguka, kodi ya serikali ikabaki palepale, na wenye vibanja wakajikuta na madeni. Sasa mtazame binti aliyeolewa kwa mahari kubwa wakati wa neema. Ndoa ikimshinda, hawezi kuondoka mpaka mahari irudishwe. Baba ameshaitumia, pengine kumwoza kaka yake. Fedha kijijini hazipitii mikononi mwa mwanamke, maana kahawa ni mali ya mume hata kama aliyeichuma ni mke. Atakaa alipo, au atazitafuta fedha kwingine.

Birgitta Larsson, aliyeandika mwaka 1991 kuhusu wanawake na kanisa katika Buhaya ya kikoloni, anaonyesha kwamba wapo waliokimbilia misheni wakawa watawa, na wapo waliopanda meli. Naona ni haki kuziweka njia hizo mbili pamoja. Jamii imezitenganisha kabisa. Ya kwanza ikaitwa wito na ya pili ikaitwa tamaa. Waliozishika walikuwa mabinti wa vijiji vilevile, wakiikimbia ndoa ileile na kanuni ileile ya shamba.

Meli ilikuwepo kwa sababu reli ilikuwepo. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901, pale Kisumu, na bandari za ziwa zikaunganishwa na Mombasa ili pamba na kahawa zitoke. Iliyobeba magunia ikabeba na watu.

Nairobi waliyoikuta ilikuwa mji uliopangwa kwa ajili ya mwanamume asiye na familia. Mwafrika alitakiwa awepo kama mkono wa kazi, akiwa na kipande, yaani kitambulisho chake cha kazi, shingoni, kisha arudi kwao. Mshahara ulipimwa kwa tumbo moja. Aliyepewa malazi alipewa nafasi ya kulaza ubavu, hakupewa nyumba ya kukaa na mke na watoto. Wanaume waliwazidi wanawake mara kadhaa. Serikali iliyoupanga mji hivyo ndiyo iliyokuja kushangaa kwamba kuna wanawake wanaouza kilichokosekana.

Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka 1990, alikusanya simulizi za wazee wa Pumwani walioishi maisha hayo. Walichouza hakikuwa tendo moja tu. Kulikuwa na chakula cha moto, maji ya kuoga, mazungumzo, kitanda chenye shuka, yaani vitu ambavyo mwajiri alikataa kuvilipia. White anaeleza pia namna tofauti za kazi hiyo. Wapo waliokaa ndani wakisubiri mgeni abishe hodi, wapo waliotembea mitaani, na wapo waliokaa mlangoni nje na kutaja bei kwa sauti. Hao wa mwisho, walioitwa wazi-wazi, wengi wao walitoka Bukoba. Majirani waliwadharau. Lakini White alipofuatilia fedha zao zilikwenda wapi, alikuta zimerudi nyumbani: kulipa madeni ya baba, kuokoa kibanja kilichotaka kupotea, kusomesha wadogo. Walikuwa mabinti watiifu kuliko kaka zao wengi. Walivumilia aibu ya mlangoni kwa sababu walikuwa na haraka ya kurudi.

Nyumba za namna ile bado zipo Majengo, Pumwani, ingawa maghorofa yanazibana. Kuta ni za udongo na fito, paa ni bati lililoota kutu. Ukiingia unakuta ukumbi mwembamba katikati, vyumba vinatazamana huku na huku, na uani kuna choo na bomba la wapangaji wote. Chumba kimoja kinatosha kitanda, jiko na sanduku. Kizingiti cha mlango wa mbele kimelika katikati kwa miguu na makalio ya miaka mingi. Kutoka hapo unasikia kelele za soko la Gikomba, na muda wa swala sauti ya adhana. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwakusanya Waafrika ambao vijiji vyao vya awali vilibomolewa. Wanawake kadhaa waliofanikiwa walijenga nyumba zao wenyewe hapa, wakawa wenye nyumba katika mji ambao haukuwa na mpango nao.

Njia hiyo ilidumu. Mama alimleta dada, dada akamleta binti wa shangazi. Uhuru ulikuja, Azimio la Arusha likaja, bado kijana wa kike aliyeshindwana na mume huko Kagera alijua chumba cha kufikia Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa hadi 1983. Njia za panya hazikufungwa.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia, yakakalia ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Watafiti wamebishana sana kama vita hivyo ndivyo vilivyosambaza virusi. Mimi sioni haja ya kumtafuta askari wa kwanza. Uganda ilikuwa imevunjika, Tanzania ilikuwa imefilisika kwa gharama za vita, na maduka ya pande zote mbili yalikuwa matupu. Sabuni, sukari na vitambaa vilipatikana kwa magendo kupitia mpaka wa Mutukula na mialoni ya ziwa. Vijana wenye fedha taslimu walilala ugenini kila wiki. Wanawake walipika, walikodisha vitanda, walibeba mizigo, na wengi walilipwa kwa namna iliyowapendeza wenye mzigo.

Kwenye mwalo wa Kasensero, eneo la Rakai nchini Uganda, wavuvi na wachuuzi walianza kukonda na kufa mwaka 1982. Walisema wamelogwa na wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali zao. Upande wa Kagera watu walisema wamelogwa na Waganda kwa sababu hiyohiyo. Waganda waliuita ugonjwa Slim; Kagera ukaitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikipita mpakani kwa magendo. Watu wale hawakujua kirusi ni nini, lakini walijua ugonjwa umefuata biashara ipi.

Mwaka 1987 Mradi wa Utafiti wa UKIMWI Kagera, wa wataalamu wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, wakiwemo Japheth Killewo na Gabriel Lwihula, ulipima damu za wakazi wa mkoa mzima. Bukoba mjini, asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na virusi. Muleba asilimia 10. Karagwe 4.5. Ngara na Biharamulo, 0.4. Ni mkoa mmoja, serikali moja. Kama tabia ndiyo iliyokuwa chanzo, basi itabidi tuamini kwamba uadilifu uliongezeka kwa kadiri mtu alivyoiacha bandari na barabara ya mpakani.

Nairobi takwimu zilikuwa nzito zaidi. Damu iliyohifadhiwa ya wanawake wanaouza ngono ilipochunguzwa, ilionekana kwamba mwaka 1981 walioambukizwa walikuwa asilimia 4. Kufikia 1985 walikuwa asilimia 61. Katika miaka minne tu! Wengi wa waliofika kliniki ya Majengo walikuwa wa kutoka Kagera, wajukuu wa safari ile ya meli. Lakini takwimu ninayotaka msomaji aikumbuke ni nyingine. Utafiti uliochapishwa 1986 kwenye New England Journal of Medicine uliwagawa wanawake wa kazi hiyo kwa hali zao za maisha. Kati ya waliokuwa maskini, asilimia 66 walikuwa na virusi. Kati ya waliokuwa na nafuu, asilimia 31.

Mji ni ule ule na kazi ni ile ile. Kilichowatofautisha ni kodi ya chumba na bei. Anayelipwa kidogo hana budi kupokea wateja wengi. Hana nguvu ya kumwambia mteja avae kondomu, na wakati huo kondomu zenyewe zilikuwa adimu. Vidonda vya magonjwa ya zinaa havitibiwi mapema kwa sababu kliniki inataka nauli na muda, na mhudumu anaweza kumfokea mbele ya watu. Kidonda kisichotibiwa ni mlango wazi kwa virusi. Polisi akimkamata, usiku unaofuata lazima afidie faini. Kila hatua hapo ina aliyeiamua, na mwanamke wa Majengo hakuwepo kwenye kikao hata kimoja.

Maandishi ya kitabibu ya zama zile yaliwaita wanawake hawa kundi kiini la maambukizi, hata hifadhi ya virusi. Wateja wao hawakupewa jina la namna hiyo. Hilo linaniuma kila ninapolisoma. Mwanamume aliyetoka mwezi mzima barabarani, akapita Majengo, akaenda kwa mkewe kijijini, aliandikwa kama aliyeambukizwa. Mwanamke aliyeambukizwa na mwanamume huyo aliandikwa kama chanzo.

Aliyeigeuza hali hiyo, kwa kadiri ilivyogeuka, alikuwa muuguzi. Elizabeth Ngugi, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki 2015, aliingia Majengo katikati ya miaka ya 1980 akaanza na mabaraza. Wanawake walikusanyika, wakachagua viongozi wao, wakaelezwa ukweli kuhusu damu yao, wakapewa kondomu na tiba ya magonjwa ya zinaa bila kufokewa. La maana zaidi, walikubaliana kwa pamoja kwamba mteja asiyetaka kondomu akikataliwa chumba kimoja, akataliwe na cha jirani. Mwanamke mmoja akikataa peke yake amekosa ugali. Mtaa mzima ukikataa, mteja anavaa. Matumizi ya kondomu yalipanda kwa kasi ambayo mahubiri hayakuwahi kuileta. Mwaka 1991 watafiti walikadiria kwamba mpango huo, uliofanywa na wanawake wapatao 500 tu, ulikuwa ukizuia maelfu ya maambukizi mapya kila mwaka.

Majengo inajulikana duniani kwa jambo jingine. Mtafiti Frank Plummer na wenzake waligundua kwamba wanawake wachache walikaa miaka mingi kwenye kazi ya kuuza ngono bila kuambukizwa, na damu yao imechunguzwa kwa matumaini ya kupata chanjo. Ni sayansi ya heshima na naiheshimu. Lakini kwa kila makala ya kisayansi niliyoiona kuhusu chembe za damu zao, natamani ingekuwepo moja kuhusu kodi ya vyumba vyao.

Turudi Kagera, maana wanawake walirudi. Wapo waliorudi na fedha wakanunua vibanja. Hii ndiyo ilikuwa nafasi yao pekee: shamba la ukoo hawakuweza kulimiliki, lakini ardhi iliyonunuliwa kwa fedha yako ilikuwa yako, na humo ungezikwa bila kumwomba mtu. Mwanaanthropolojia Brad Weiss aliita makala yake ya mwaka 1993 kuhusu Wahaya na UKIMWI kwa maneno yenye maana ya mwanamke kununua kaburi lake. Wengine walirudi wakiwa wagonjwa, kwenye vibanja walivyokuwa wameviokoa kwa jasho la Pumwani, na hawakuruhusiwa kulazwa humo kwa sababu vilikuwa vya kaka.

Na ugonjwa wenyewe ukaichonga njia upya. Mume akifa, shemeji wanakuja kukaa kikao cha ukoo. Mjane anaambiwa arudi kwao. Kwao, kaka ameshagawana shamba na wadogo zake. Amebeba watoto, pengine amebeba na virusi vya marehemu. Kuna mwalo wa wavuvi, kuna mgahawa mjini, kuna nyumba ya kulala wageni mpakani. Anayemwona hapo miezi sita baadaye atasema tamaa imempeleka.

Kagera hiyohiyo ndiyo iliyozaa kesi kubwa ya kupinga kanuni ya shamba la ukoo. Holaria Pastory alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia, na uzeeni, akiwa hana wa kumtunza, akaliuza. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai kwamba mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia, Mahakama ya Wilaya ikatengua, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba kanuni hiyo inapingana na Katiba na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Hukumu ile ilikuja wakati vijiji vya Kagera vinazika kila siku. Sina shaka kwamba ilikuwa dawa, kwa maana kamili ya neno hilo, ingawa haikugawiwa hospitali.

Haikuwafikia wote. Wajane wawili wa Shinyanga walipoipinga kanuni ya mirathi ya kimila, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba ina ubaguzi, kisha ikakataa kuifuta kwa hofu ya kuvuruga mila. Walikwenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliwapa haki na kuitaka Tanzania ibadilishe sheria zake.

Maambukizi Kagera yameshuka sana. Bukoba mjini yalikuwa yameshafika asilimia 13.3 mwaka 1996, na upimaji wa kitaifa wa 2016–17 uliuweka mkoa mzima kwenye asilimia 6.5, wakati taifa lilikuwa 4.7. Walioongoza walikuwa Njombe, asilimia 11.4, na Iringa, 11.3. Sasa lawama imehamia kule, na nasikia watu wakieleza eti ni mila za Wabena wa Njombe. Hawasemi kwamba Njombe ilipeleka wanaume wake kwenye mashamba ya mkonge kama manamba kwa miongo mingi, wala hawaulizi wake walioachwa walikula nini.

Serikali inagawa dawa za kufubaza virusi, na ni vema. Lakini dawa hizo humfikia mwanamke akiwa ameshaambukizwa, na njia iliyompeleka huko imeandikwa kwenye Tangazo la Serikali Namba 436 la 1963, ambamo zimo kanuni za kimila za mirathi. Wabunge wa Kagera, ambao bibi zao na shangazi zao walipanda meli ile, wawe wa kwanza kusimama bungeni kudai kanuni hizo zifutwe zote, na sheria iseme waziwazi kwamba binti na mjane wanarithi shamba, wanaliuza wakitaka, na hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kuwaondoa.